Kadi ya mkopo kwa safari ya nje: nafuu yake ipo wapi?

Dada mmoja anayeuza mabaibui na mashuka Ngamiani, hapa Tanga, ambaye huenda Dubai mara mbili kwa mwaka kufunga mzigo, aliniuliza kama aichukue kadi ya mkopo isiyo na ada ya mwaka ambayo benki yake imempa, au aendelee kubeba dola mkobani kama alivyozoea. Swali lake linastahili kujibiwa kwa hesabu, kwa sababu ada ya mwaka ndiyo sehemu ndogo kabisa ya gharama ya kadi ukiwa ugenini.

Kinachokula zaidi ni ada ya kulipa kwa fedha za kigeni, ambayo kwa kadi nyingi hufika asilimia 3 ya kila malipo. Tuseme kadi moja haina ada ya mwaka lakini inakata asilimia hizo 3, na nyingine inatoza dola 40 kwa mwaka bila kukata chochote. Kwa mzigo wa dola 1,000, ile ya kwanza ni nafuu, kwani imekula dola 30 tu. Mzigo wa mwaka mzima ukifika dola 5,000, imeshakula dola 150, na ile iliyoonekana ghali imebaki na dola 40 zake.

Lipo pia la mashine. Dirhamu, fedha ya Dubai, imefungwa kwa dola tangu 1997, dola 1 kwa dirhamu 3.6725, hivyo mwenye akaunti ya dola anaweza kujua bei yake hata kabla hajaingia dukani. Lakini muuzaji wa Deira, eneo la maduka huko Dubai, akishaingiza kadi, mashine huweza kuonyesha kiasi mara mbili, kwa dirhamu na kwa dola, na kumtaka mteja achague. Dola zinavutia kwa kuwa ndizo tunazozijua. Hata hivyo mzigo wa dirhamu 3,672.50, ambao kwa haki ni dola 1,000, unaweza kusomeka dola 1,040, kwa sababu kiwango hicho hupangwa upande wa mashine, wala si kile cha Visa au Mastercard. Chagua dirhamu kila mara, hata muuzaji akikwambia kuwa yote ni mamoja.

Kadi ya mkopo ina utetezi wake, na si mdogo. Hoteli nyingi humzuilia mgeni kiasi fulani cha fedha kama dhamana anapopokelewa. Kwa kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako, hizo ni fedha zako za mzigo, na huenda zikachukua siku kadhaa kuachiliwa baada ya kuondoka. Kwa kadi ya mkopo, kinachopungua ni kikomo cha mkopo tu. Kadi ikiibwa pia, mzozo unakuwa juu ya fedha za benki, ilhali mwenye kadi ya kawaida husubiri uchunguzi huku akaunti yake ikiwa tupu. Dola za mkobani zikipotea, hakuna hata wa kumlalamikia.

Upande wa pili ni riba. Anayelipa deni lote kwa tarehe iliyowekwa kwa kawaida hatozwi riba ya manunuzi, lakini anayetoa fedha taslimu kwenye ATM kwa kadi hiyo hutozwa ada papo hapo, na riba huanza kuhesabiwa siku ileile. Na kwa mji kama Tanga, jambo hili haliishii kwenye hesabu: wapo wanazuoni wanaokataza mkataba wenye sharti la riba hata kama mtu hakusudii kuchelewa, na wapo wanaoruhusu kwa mwenye uhakika wa kulipa mapema. Anayefuata rai ya kwanza asishawishiwe na punguzo lolote.

Kwa dada wa Ngamiani, ningependelea kadi ya kawaida ya akaunti ya dola kwa ajili ya mzigo, baada ya kuuliza makato yake, na kadi ya mkopo yenye kikomo kidogo kwa hoteli pekee, kama nafsi yake imeridhika nayo. Kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam, apitie benki ahakikishe kadi zote mbili zimefunguliwa kwa matumizi ya nje, kwa sababu kadi iliyofungwa kwa kawaida hugundulika mbele ya keshia, mzigo ukiwa umeshafungwa.