Chokoleti elfu 18, kakao yenyewe iko wapi?

Mi sio mtu wa kuchukia raha jamani. Hivi viduka vya chokoleti vinavyofunguliwa Masaki na Mikocheni kila kukicha mi navipenda, AC inapuliza, wadada wanapiga picha sahani mpaka aiskrimu inayeyuka, sawa tu, hela zao. Ila kinachonikera ni kulipa bei ya chokoleti halafu naletewa sukari na mafuta yenye rangi ya kahawia.

Juzi nilienda kimoja na shosti wangu, ni Mnyakyusa wa Kyela huyu, kwao mikakao imefika mpaka nyuma ya jiko. Mi nikachukua keki ile ya moto ukiikata katikati inamwaga chokoleti, yeye stroberi zilizochovywa, elfu 18 sahani. Akabandua lile ganda kwa jino, akatafuna, akakunja uso. "Mwenzangu, hii haiyeyuki, inanigandia kwenye kaakaa."

Na kweli. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndo maana chokoleti yenyewe ukiiweka ulimini inaisha taratibu bila kutafuna. Ile feki, siagi ya kakao imetolewa yakawekwa mafuta ya mimea, unga wa kakao kidogo, sukari ya kutosha. Wenye maduka nawaelewa kwa sehemu, kwa joto la Dar chokoleti halisi inasumbua, lazima uiyeyushe na kuipoza kwa vipimo la sivyo inapoteza mng'ao na kutoka madoa meupe, wakati ile feki unayeyusha unamwaga biashara imeisha. Halafu kakao yenyewe ilipaa vibaya mno, 2024 tani moja ilipita dola 10,000 na Desemba ikavuka 12,000, maana Ivory Coast na Ghana ndo zinatoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia na huko hali ya hewa na magonjwa ya miti vilikuwa vimewapiga. Sasa basi andikeni kwenye menyu kwamba ni ya mafuta ya mimea, na bei ishuke, mbona rahisi tu!

Tukamuuliza kaka aliyekuwa anatuhudumia, samahani kaka, hii chokoleti yenu inatoka wapi? Akajibu kwa adabu zote, "Inatoka supamaketi dada." Shosti alicheka mpaka meza ya pili wakageuka.

Alipotulia ndo akanihadithia kwao. Wakiwa watoto wakipasua tunda la kakao wanamung'unya ule utando mweupe, mtamu wenye uchachu kama stafeli, bibi anawasimamia mbegu zote zirudi kwenye ndoo maana ile ni ada ya shule, zikavundikwe siku kadhaa, zianikwe, zipelekwe ghalani. Chokoleti yenyewe kaja kuionja akiwa bodingi, aliletewa na mwenzake. Mtu kazaliwa chini ya mkakao!

Na sio kwamba kakao yetu haina hadhi. Kyela wanauza kwa mnada wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka mzigo ghalani wanunuzi wanashindana bei, na kule Mbingu, Kilombero, kuna Kokoa Kamili wananunua kakao mbichi kwa wakulima, wanaivundika wenyewe, halafu watengeneza chokoleti wa Marekani na Ulaya wanaichukua na kuandika Tanzania kwa herufi kubwa mbele ya karatasi. Kwetu menyu inajisifu "chokoleti ya Ubelgiji", nchi isiyo na shamba hata moja la kakao.

Halafu kuna hii homa ya chokoleti ya Dubai, pistachio na kunafa (vile vitambi vyembamba vya Kiarabu) ndani. Ilianzia kampuni moja ya kule inaitwa Fix, ilianza 2021, video ya TikTok mwisho wa 2023 ikailipua dunia nzima. Mi naona walichofanya wale ni kuchukua tamutamu ya Kiarabu waliyoizoea wakaijaza kwenye chokoleti, basi. Sisi tuna korosho za Mtwara, iliki na mdalasini wa Zanzibar, kakao ya Kyela, halafu tunaagiza pistachio ili tuige.

Kama kuna sehemu hapa Dar wanauza dezeti ya kakao ya Kyela au Kilombero, ya kweli sio ya kupaka rangi, nitajieni mtaa na bei yake. Shosti kasema bili ni juu yake.