Pericoma Okoye: ukichukua ngoma ukaacha uganga umebaki na nini?

Wengi wetu mganga wa Kiigbo, yani wa Waigbo, kabila kubwa la kusini mashariki mwa Nigeria, tumemjulia kwenye muvi za Kinaijeria, yule mzee wa kitambaa chekundu na chaki nyeupe jichoni, anamwambia kijana alete damu ya mtu wake wa karibu ndo apate hela. Sasa ukikaa na picha hiyo kichwani halafu ukakutana na jina la Pericoma Okoye wa Arondizuogu, jimbo la Imo, unakuwa ushamhukumu kabla hujasikia hata wimbo wake mmoja. Alifariki 2017. Alikuwa mwanamuziki wa asili na alikuwa dibia, yani mganga, vyote kwa pamoja na hadharani. Ukizungumzia habari zake kuna wanaosema huyo ni hazina ya utamaduni na kuna wanaosema huyo ni giza tupu, na mi naona pande zote mbili zinakosea palepale, kila mmoja anataka kumkata nusu abaki na kipande anachokitaka.

Alijiita Arusi Makaja, Simba wa Afrika. Hiyo arusi siyo ya ndoa, kwa Kiigbo ni zile nguvu za kiroho zenye madhabahu na wahudumu wake. Na mji wenyewe lazima uujue. Arondizuogu ni mji wa Waaro, waliotoka Arochukwu, na Waaro walikuwa wafanyabiashara wakubwa, watumwa wakiwemo. Kule Arochukwu kulikuwa na madhabahu ya Ibini Ukpabi, watu wanatoka mbali kupeleka kesi zao, anayeshindwa inasemekana "ameliwa" na mungu, kumbe wengi walikuwa wanauzwa. Waingereza wakaja kupavunja kwenye vita ya 1901 mpaka 1902. Naitaja hii kwa sababu wanaompinga Pericoma wana hoja hapa na hawaitumii vizuri: hofu ya kiroho na biashara vimeishi nyumba moja sehemu hizo muda mrefu, siyo jambo lililozuka jana na waganga vijana wanaojitangaza mtandaoni.

Ila sasa twende kwenye Ikeji, maana bila Ikeji huwezi kumwelewa huyu mtu. Ni sikukuu kubwa ya Arondizuogu, inakuja kwenye mwezi wa tatu au wa nne, inafuata siku nne za soko za Kiigbo, Eke, Orie, Afo na Nkwo. Vinyago vinatoka. Na kinyago kwa imani yao siyo mtu aliyevaa nguo, ni mmuo, roho imekuja kutembelea watu, kwa hiyo anayepuliza filimbi ya oja hapigi tu muziki, anakiita kinyago kwa sifa zake, anakisemesha, anakipandisha moto au anakituliza. Ogene, ile kengele ya chuma ya kugonga, na ngoma ziko hapo hapo. Halafu ni sikukuu ambayo wenye dawa wanapimana nguvu mbele za watu. Sasa niambie, mwanamuziki anayesimama katikati ya hayo yote anasimama na nini? Watu wa pwani yetu hili halihitaji maelezo marefu, anayejua ngoma ya pepo anajua huwezi kusema mi napenda mdundo tu pepo simtaki, maana mdundo ndo unaomwita.

Na udibia hauombewi kazi. Wanaamini Agwu, roho ya ramli na tiba, ndiye anayekuchagua, ukikataa mambo yako yanavurugika, unaumwa, unachanganyikiwa, mpaka ukubali. Kuna dibia wa mizizi na majani na kuna wa afa, ramli. Mtu anaweza kuwa vyote.

Wapinzani wake nao siwapuuzi hata kidogo. Wamisionari wa Kianglikana walifika Onitsha 1857, Wakatoliki 1885, na leo Waigbo walio wengi ni Wakristo, so siyo kwamba wanatukana dini ya jirani, wanazungumzia nyumba ya babu zao wenyewe ambayo waliondoka kwa sababu walizoziona. Na kuna jambo la leo leo: Anambra, jimbo la jirani, Januari 2025 ilianza kutumia sheria mpya ya usalama inayogusa moja kwa moja waganga wa dawa za utajiri, ile wanayoiita oke ite, na waganga maarufu wa mitandaoni wakakamatwa. Hoja ya wapinzani ni kwamba Pericoma ndo aliwafungulia njia, aliwaonyesha vijana kwamba ustaa na hirizi vinakaa pamoja. Hiyo hoja ina uzito. Sisemi yeye alimdhuru mtu, nasema sifa ya kuogopwa tu inatosha, jirani mwenye kesi ya shamba na mtu wa aina hiyo atafikiria mara mbili kabla hajaenda mahakamani, na hilo mashabiki wa utamaduni huwa wanalipita haraka sana.

Lakini kumweka kapu moja na wauza utajiri ni kutojua dini yenyewe. Kwa Waigbo Ala, mungu wa ardhi, ana miiko yake, nso ala, na kumwaga damu ya ndugu yako ni katika miiko mikubwa kabisa. Yani yule mganga wa kwenye muvi anayedai damu ya mama anavunja sheria ya dini anayodai kuihudumia! Hili linaniuma, kwa sababu picha tuliyonayo sisi huku ya imani yao ni picha ya wanaoivunja.

Mtu ataniambia mbona mwanamuziki Mike Ejeagha aliimba Kiigbo miaka yote na hakuwa mganga, akafariki Juni 2025 ana miaka 95 kila mtu akamlilia, na mwaka mmoja kabla yake wimbo wake wa 1983 ukachezwa dunia nzima kwenye klipu za mtandaoni. Kweli kabisa. Ila Ejeagha alikuwa na gita na hadithi, akuko n'egwu, yani hadithi ndani ya wimbo, ule ni muziki wa kukaa jioni na watoto kuwasimulia habari za kobe na tembo. Pericoma alikuwa wa uwanjani kwenye vinyago. Ukimpima huyu kwa kipimo cha yule unaonea wote wawili.

Siku hizi ogene na oja zinapigwa hadi kanisani, na sina ubaya na hilo, chombo ni cha Waigbo wote. Ninachotaka mi ni watu wa Arondizuogu, waumini na wasioamini, wakae na wazee waliobaki wasikilize rekodi za Pericoma mstari kwa mstari, waandike pale anapoita jina alikuwa anamwita nani.