Babu, Kamera na Barafu za Ubuyu

Babu alikubali kupigwa picha kwa sharti la kuvaa kanzu, koti na kofia ya viua. Nikamkalisha barazani, nikajifunika kaniki nyuma ya kamera yangu ya mbao.

"Unaniona?"

"Nakuona, babu. Ila uko kichwa chini miguu juu."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo kamera, mjukuu wangu, kakuuzia nani?"

Ndivyo zilivyo kamera hizi: kwenye kioo cha nyuma dunia inapinduka. Filamu yake si mkanda, ni kipande kimoja kimoja cha inchi 4 kwa 5, na bei yake usiulize. Nilikuwa na vipande viwili tu. Nikampigia vyote, naye katulia kama anapimwa presha.

Usiku nikageuza bafu kuwa chumba cha kusafishia picha. Blanketi dirishani, kanga chini ya mlango, maana filamu ile haivumilii hata taa nyekundu. Dawa ya kusafishia inataka nyuzijoto 20. Maji ya bomba, Tanga, mwezi wa pili, yalisoma 29. Nikiwa nawaza barafu, umeme ukakatika. Mtaa mzima ukasonya. Mimi nikashangilia: giza la bure! Nikapapasa friza ya bibi, nikachomoa vifuko vitatu, nikavipasulia humo humo kwenye trei ya dawa. Joto nikapima kwa kidole.

Filamu nikaijua upande kwa kupapasa vipengo vya kwenye kona. Vikiwa juu kulia, uso unaonasa picha unakutazama. Hapo nilijiona fundi kweli. Nikazamisha, nikatikisa trei, nahesabu kwa mdomo. Dakika ya tatu ikaja harufu ya iliki. Nikasema jirani anapika pilau. Saa tano usiku! Vidole vikaanza kunata, nusura nivilambe.

Nikahamishia kwenye fiksa, dawa ya pili ya kuifanya picha isiharibiwe na mwanga, nikasubiri. Umeme uliporudi, trei ilikuwa nyekundu, punje mbili za ubuyu zinaelea.

Dawa ile ya kwanza bila hali ya magadi haifanyi kazi. Ndiyo maana mafundi huisimamisha kwa siki. Mimi niliisimamisha kabla haijaanza.

Asubuhi babu akaja kudai picha yake. Nikampa kipande kimoja, cheupe kama kioo cha dirisha. Akakielekeza uani, akafumba jicho moja.

"Mimi humu simo," akasema. "Ila bibi yako namwona vizuri sana. Anakuja, na mwiko mkononi."