Mgeni wa siku 14 na daktari anayesema "bado"

Kila msimu wa harusi, Agosti na Mfungo Mosi, lalamiko moja huzunguka Mombasa. Ndugu katoka Muscat, London au Toronto, ana siku 14, pesa anazo, na picha ya uso anaoutaka iko kwenye simu. Anakwenda kwa daktari wa ngozi Nyali akitaraji kung'aa kabla ya harusi, anatoka na losheni ya kukinga jua, tyubu moja ya krimu na neno "bado". Nyumbani maneno yanazuka. Wako wasemao daktari hajui kazi. Wako wasemao ana kiburi: mtu mzima anajua atakacho, vipi akatazwe kwa pesa yake? Mawakala wanaoleta wagonjwa nao huongeza la kwao, kwamba mji ulioishi miaka yote kwa "mgeni njoo, mwenyeji apone" hauwezi kumrudisha mgeni mlangoni.

Hoja hizi zina uzito, na mbili kati yake zinataka jibu la kweli.

Ya kwanza ni kwamba woga mara nyingi hupita kwa jina la uangalifu. Kipimo cha aina za ngozi alichobuni Thomas Fitzpatrick mwaka 1975 kilianza na ngozi nyeupe. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Mpaka leo mwanamke mweusi aishiye Ulaya aweza kuambiwa kwamba ngozi yake "haifai" leza ya kuondoa nywele, kumbe kliniki aliyokwenda ina mashine moja tu, ya aleksandraiti yenye mawimbi ya nanomita 755, ambayo rangi ya ngozi hufyonza nguvu zake na kuungua. Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064 hupenya ndani zaidi na rangi ya juu huifyonza kidogo, kwa hiyo ngozi nyeusi huistahimili. Mtu kama huyo ana sababu njema ya kuja Mombasa, ambako daktari hushinda na ngozi nyeusi asubuhi hadi jioni. Akikataliwa na huku bila maelezo, amedhulumiwa mara mbili.

Ya pili ni kwamba anayekataliwa hakai tu nyumbani. Huenda kwa anayedunga sindano kwenye chumba cha hoteli, au hununua mkorogo dukani. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku Kenya, lakini marufuku haijawahi kumaliza mkorogo, na ndani ya kopo lisilo na maandishi mara nyingi mna steroidi kali ya klobetasoli asilimia 0.05. Zebaki huumiza figo. Klobetasoli hulainisha uso kwa wiki chache, kisha ngozi hukonda, mishipa myekundu hutokeza, chunusi hufumka, na siku ya kuiacha ghafla uso huwaka kama umemwagiwa pilipili.

Hata hivyo, naona daktari wa "bado" hajaeleweka. Anayemlalamikia anahesabu siku za tiketi. Daktari anahesabu siku ambazo madhara huchukua kujitokeza, na hesabu hizo ni za kila tiba kivyake.

Chukua sindano ya botulinumu ya kulegeza misuli ya mikunjo, ile watu waiitayo Botox hata ikiwa ya kampuni nyingine. Huanza kufanya kazi siku ya 3 hadi ya 5, na hukamilika karibu siku ya 14. Kwa mikunjo ya katikati ya nyusi, kipimo cha kawaida ni yuniti 20 zilizogawanywa sehemu 5. Dawa ikishuka chini kuliko inavyotakiwa, kope hulegea, na kulegea huko huonekana ndani ya wiki mbili za mwanzo, kisha hukaa wiki kadhaa. Sasa mdunge bibi harusi siku mbili kabla ya nikaha: picha zitapigwa dawa haijashika, na kope ikianguka itaangukia fungate. Mdunge mgeni siku tatu kabla ya ndege: siku ya 14, ambayo ndiyo siku ya kupima kazi, atakuwa mbele ya daktari wa Toronto asiyejua alidungwa yuniti ngapi, za kampuni gani, zilizochanganywa na maji ya chumvi kiasi gani. Yuniti za kampuni moja si sawa na za nyingine. Chupa ya yuniti 100 ikitiwa mililita 2.5 hutoa yuniti 4 kwa kila mililita 0.1, ikitiwa mililita 5 hutoa nusu yake, na aliyelipia uso mzima hupata nusu ya uso bila kujua.

Kwa hiyo daktari mwangalifu hudunga siku ya 1 au ya 2 ya safari, hukaa sentimita 1 juu ya ukingo wa mfupa wa jicho, huanza na kipimo cha chini, na humtaka mgonjwa arudi kabla hajapanda ndege. Asipoweza kurudi, hadungwi. Hilo ndilo linaloitwa kiburi. Na mwenye kutaka kumpima daktari atazame friji: dawa hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na katika mji ambao umeme hukatika katikati ya joto la kaskazi, friji isiyo na kipimajoto wala umeme wa akiba ni sababu tosha ya kuondoka.

Fila, yaani sindano za jeli za kujaza midomo na mashavu, zina hesabu kali zaidi. Jeli ya hayaluroniki ikiingia kwenye ateri, au ikiikandamiza kutoka nje, ngozi inayolishwa na ateri hiyo hukosa damu. Dalili ni maumivu yasiyolingana na sindano, weupe wa ghafla, kisha madoa ya zambarau yenye umbo la wavu. Huweza kutokea kitini hapo hapo, au saa kadhaa baadaye mgeni akiwa hotelini. Tiba ni kimeng'enya cha hayaluronidezi kinachoyeyusha jeli hiyo, na si kidogo: kwa eneo la mdomo huanzia yuniti 500, hurudiwa kila saa, na kila mara daktari hubonyeza ngozi kwa kidole kuona damu inarudi kwa kasi gani. Kliniki isiyo na yuniti 1,500 tayari kwenye friji haina haki ya kufungua bomba moja la fila. Damu ikikatika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, muda wa kuokoa jicho huhesabiwa kwa dakika, na baada ya saa moja na nusu matumaini ni haba mno. Mgonjwa aliyedungwa kisiwani na kurudi Diani yuko ng'ambo ya feri ya Likoni, au yuko mzunguko mrefu wa Dongo Kundu. Ndiyo maana daktari mwangalifu hufanya fila asubuhi, humweka mgonjwa karibu, humpa nambari inayopokelewa usiku, na hakubali kabisa kugusa pua na katikati ya nyusi, ambako mishipa huungana na ile ya jicho, kwa mgeni wa siku chache.

Kisha kuna uvimbe mdogo mgumu unaotokeza baada ya wiki au miezi. Huo humkuta mtu alikotoka, na pengine huko hakuna anayetaka kugusa kazi ya mwingine.

Kuhusu kumenya ngozi kwa tindikali, na leza za madoa, jua la hapa ndilo mwamuzi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini Machi na Oktoba, na kipimo cha miale ya jua (UV) hupita 11, daraja la ukali wa juu kabisa, siku nyingi za mwaka. Ngozi nyeusi ikiumizwa hujibu kwa weusi, na weusi huo hauji kesho yake, huja wiki ya 2 hadi ya 4. Mgeni aliyemenywa kwa TCA, tindikali inayozama ndani zaidi, ya asilimia 35 Jumatatu, akapanda mashua ya Wasini Alhamisi, ataondoka akishukuru, na uso utaanza kubadilika akiwa kwake. Kliniki haitamwona tena, na mwisho wa mwaka itasema haijapata lawama hata moja! Nimeirudia nukta hii kichwani mara nyingi, kwa sababu ndiyo inayofanya biashara hii ionekane salama kuliko ilivyo. Daktari wa wagonjwa wa mtaani hukutana na makosa yake sokoni Kongowea. Daktari wa wageni humwachia daktari mwingine makosa hayo, na asipojilazimisha kuwafuatilia kwa simu baada ya wiki 1, wiki 4 na miezi 3, hatajifunza chochote.

Njia ya kihafidhina ipo na haina siri. Ngozi hutayarishwa wiki 2 hadi 4 kwa krimu ya retinoidi, dawa ya jamii ya vitamini A, na kinga ya jua, retinoidi huachwa siku chache kabla, kisha hutumika tindikali ya juu juu, salisiliki ya asilimia 20 au glaikoliki isiyozidi 35, na hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Hakuna hatua hapo inayoweza kufinywa iingie kwenye siku 14. Leza ya nywele nayo hutaka mizunguko 6 hadi 8, kila mmoja ukipishana na mwenzake kwa wiki 4 hadi 8, na jaribio la sehemu ndogo kabla ya yote. Mzunguko mmoja wa likizo ni pesa iliyotupwa, na daktari anayemwambia mgeni atafute Nd:YAG karibu na kwake amejinyima mapato kwa kusema kweli.

Losheni inayodharauliwa nayo ina kisa chake. Melasma, yale madoa mapana ya mashavu na paji, huchochewa na homoni, na miale ya jua, na hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Kinga ya jua isiyo na rangi haizuii mwanga huo. Inayouzuia ni yenye oksidi za chuma, ile yenye rangi kama ya poda. Usoni na shingoni hupakwa kiasi cha mistari miwili ya vidole, na hurudiwa kila saa mbili mtu akiwa nje. Bila hiyo, haidrokwinoni ya asilimia 4 iliyoandikwa na daktari itang'arisha na madoa yatarudi. Ikitumiwa miaka badala ya miezi michache, huweza kuleta okronosisi, weusi wa bluu-kijivu usiotoka, ambao Findlay na wenzake waliueleza Afrika Kusini mwaka 1975 kwa wanawake waliotumia krimu za aina hiyo. Na kwa bibi harusi kuna swali lisiloepukika, la aibu au lisilo la aibu: je, huenda akashika mimba mwezi huu? Retinoidi za kupaka huachwa, na vidonge vya chunusi vya aisotretinoini havitolewi kabisa kwa anayetarajia mimba, kwani huharibu mtoto tumboni.

Piko, ile michoro myeusi ya mikononi, nayo huwaponyoka wengi. Hina safi huacha rangi ya kahawia nyekundu na huchukua saa nyingi. Inayoiva nyeusi kwa saa moja imetiwa PPD, dawa ya kutia nywele rangi. Mkono ukipata malengelenge, mzio huo hukaa na mtu maisha yote, na siku atakapotia nywele rangi kichwa kitavimba. Kuwaambia watalii wa ufukweni hili ni kazi ya mwenyeji.

Kuna kesi moja ambayo sioni pande mbili. Mzungu mwenye ngozi iliyoungua jua miaka mingi anataka baka jeusi mgongoni lichomwe kwa leza, dakika 5, aendelee na likizo. Likichomwa, hakuna kipande cha kupeleka patholojia, na saratani ya melanoma hupimwa kwa kina chake katika milimita. Baka hutazamwa kwa lenzi ya daktari, na likitiliwa shaka hukatwa zima na kupelekwa maabara. Nyuzi za mgongoni hukaa siku 10 hadi 14, na majibu hutumwa kwa daktari wake nyumbani ambaye jina lake lilichukuliwa kabla ya kisu.

Nawakubalia wakosoaji jambo moja zito. "Bado" ikisemwa baada ya tiketi ya ndege, siku za likizo na ada ya kumwona daktari, inauma kwa haki. Ilipaswa kusemwa mapema. Kliniki inayopokea wageni ilipaswa kuuliza kwa video kabla ya safari: dawa gani unapaka, mkorogo ulitumia lini mara ya mwisho, una keloidi, kovu lililovimba, sikioni au kifuani, unakaa siku ngapi. Mwenye keloidi aambiwe mapema kwamba kuikata peke yake mara nyingi huirudisha kubwa zaidi, na sindano za triamsinoloni, steroidi ya kuisinyaza, hurudiwa kila wiki 4 hadi 6. Wakala alipwe ada ya kazi yake, si asilimia ya kila sindano, maana asilimia ndiyo inayogeuza "bado" kuwa hasara ya mtu. Na mgeni naye atazame jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Hata bingwa wa kigeni anayepita huhitaji leseni yake kabla ya kugusa mgonjwa Kenya.

Basi bibi harusi wa Mfungo Mosi apige picha za uso wake Rajabu, bila vipodozi, karibu na dirisha, na azitume. Krimu za kutayarisha ngozi azianze huko huko aliko, mkorogo kama upo uachwe taratibu kwa maelekezo, na kumenya kwa juu juu kufanyike Shaabani na daktari wa huko au hapa akiweza kuja mapema. Akitua uwanja wa ndege wa Moi wiki mbili kabla ya harusi, kazi iliyobaki iwe botulinumu ya siku ya kwanza, akiitaka, na singo ya nyumbani, ule msuguo wa asili wa bibi harusi. Siku ya kuondoka apewe karatasi yenye jina la dawa, nambari ya toleo, yuniti kwa kila sehemu, picha za kabla na baada, na simu itakayopokelewa saa nane za usiku.