Mnyama anakula mbuzi wa nani?

Mtoto ana kipaji, mnyama ana uchawi, wakubwa wanamtaka mnyama. Mpe kijana yeyote wa Bukavu au Goma anayependa kuandika maneno hayo, atakuletea sura tatu za hadithi ya ajabu kabla ya Jumapili. Sura ya kwanza itasomeka vizuri. Ya pili itakuwa na ngome ya mawe, theluji, na bwana mmoja wa joho jeusi anayecheka peke yake usiku. Hapo hadithi inakufa, na wala theluji haina kosa. Inakufa kwa sababu yule bwana ni mwizi tu: anamtaka mnyama kwa kuwa ni mbaya, na tunajua ni mbaya kwa kuwa anamtaka mnyama.

Mimi nasema hivi: mpe mkubwa haki. Nguvu anayo tayari, askari anao. Kinachokosekana ni sheria iliyo upande wake, desturi ambayo hata mama wa yule mtoto anaiheshimu. Mtoto akimkimbia mwizi, msomaji anajua kesi imeisha. Akivunja sheria ya baba zake kwa ajili ya mnyama, kila mlango anaobisha ni hatari, pamoja na mlango wa nyumbani.

Desturi za namna hiyo hatuhitaji kuziagiza mbali. Katika falme nyingi za Maziwa Makuu, chui alikuwa mnyama wa mwami, yaani mfalme: aliyemuua hakukaa na ngozi, aliipeleka kwake. Kwa Walega, watu wa misitu ya mashariki mwa Kongo, kuna kakakuona. Huyo hawindwi, na ikitokea ameuawa au ameokotwa amekufa, lazima apelekwe mbele ya watu wa bwami, nyama igawanywe kwa utaratibu wao; akifichwa, balaa linaiangukia familia nzima. Na bwami ya Walega si kiti cha mtu mmoja, ni chama cha madaraja, mtu anapanda miaka na miaka hadi kindi, daraja la juu kabisa, akijaliwa. Wakoloni waliipiga marufuku mwaka 1948, kwa hiyo walielewa kuwa ni mamlaka. Mwandishi wa hadithi za ajabu anayetafuta «baraza la wakubwa» anaruka juu ya hili na kwenda kukopa makabaila wa Ulaya. Sielewi.

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka tisa, tumwite Nabintu. Kipaji chake ni kujua mvua siku mbili kabla haijanyesha. Ameokota mtoto wa chui kati ya Goma na Sake, chui mweupe ambaye manyoya yake yanatoa mwanga usiku kama taa ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Sheria ya nchi inasema chui ni wa mwami. Na mtu anayejua mvua pia anatakiwa ikulu, maana mkulima anamtii anayemwambia lini apande. Basi wakubwa wana madai mawili, moja kwa mnyama na moja kwa mtoto, na yote mawili yanaeleweka. Nchi iwe ya kubuni, lakini ujengwe ufalme huo kwa miti ya hapa. Usitumie jina la Kabare wala Ngweshe kwa mwami wako mbaya. Hizo ni chefferies, maeneo ya kichifu, zilizo hai, zina watu na wana majina.

Sasa mwili wa mnyama, maana ndio unaopanga sura.

Mtoto wa chui wa miezi mitatu ana kilo 3 au 4. Nabintu anaweza kumfunga mgongoni na kitenge, na mbele ya watu akaonekana kama dada aliyebeba mdogo wake. Dume aliyekomaa ana kilo 60, wakati mwingine zaidi. Huyo habebwi na mtoto. Kwa hiyo msako wowote ambao mtoto lazima ambebe mnyama uje mapema. Waandishi wengi wanauweka mwishoni, kwenye kilele, halafu wanalazimika kumpa msichana nguvu za ghafla. Msomaji anacheka.

Na ukiwa kati ya Goma na Sake una silaha ambayo hadithi za ng'ambo hazina: mazuku. Naomba waandishi waielewe kabla ya kuitumia, kwa sababu wengi wanaiandika kama pepo mwenye meno. Ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkeno. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, basi inatiririka chini na kutulia kwenye vishimo, mitaro na mabonde madogo. Usiku na alfajiri, pakiwa hakuna upepo, inajaa. Jua likipanda na upepo ukianza, inatawanyika. Haina rangi wala harufu. Mwili lakini unaijua: pumzi inakwenda mbio bila sababu, kichwa kinagonga. Ikifika asilimia 10 ya hewa, mtu anazimia kwa dakika chache. Ikifika 30, ni pumzi chache tu. Wenyeji wanapasoma mahali kwa macho: mjusi amekauka, ndege ameanguka, mbuzi amelala na hainuki.

Angalia sasa inavyofanya kazi kwenye msako. Mtoto anayekimbizwa hujificha shimoni. Hapa shimo ndilo linaloua. Nabintu aliyelelewa pale atapanda juu ya mwamba wa lava, aonekane na kila mtu, na hilo peke yake ni tukio zuri. Halafu hesabu urefu wa pua. Mbwa wa wawindaji, nusu mita. Mtoto wa miaka tisa, mita 1 na kitu. Mpagazi mtu mzima, mita 1 na nusu. Mkubwa aliyebebwa kwenye kipoyi juu ya mabega, zaidi ya mita 2. Mbwa wananyamaza kwanza. Wapagazi wanaanza kuhema, na mkubwa anawakaripia kwa uvivu, maana hewa yake yeye ni safi kabisa. Hatashuka, kwani hakuna aliyewahi kumwona akitembea. Kisha goti moja la mpagazi wa mbele linakunjika. Tabaka la mtu limeandikwa kwa sentimita, na hujamwita mtu yeyote mbaya.

Kosa linalorudi hapo: mwandishi anamfanya Nabintu aite mazuku kwa kipaji chake. Usifanye. Kipaji kilimfanya atafutwe, basi. Akiokolewa nacho kila mara, akili yake haina kazi. Aokolewe na kitu ambacho mtoto yeyote wa mtaa ule angekijua.

Kutoka hapo anaweza kuvuka Ziwa Kivu kwenda kusini, na ule mwanga unaanza kuwa na maana. Usiku usio na mwezi wavuvi wako ziwani na taa zao kuwavuta sambaza, wakiimba ili wapige kasia pamoja. Mnyama anayewaka katikati ya taa nyingi haonekani. Mwezi ukijaa, taa haivuti samaki vizuri, wavuvi wanabaki nchi kavu, na mwanga wa chui unabaki peke yake juu ya maji. Mwandishi anayejua hili ana kalenda ya hatari bila kubuni chochote: kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mnyama hawezi kufichwa. (Wapenzi wa historia wasinirukie: sambaza waliletwa kutoka Tanganyika katikati ya karne ya 20. Kama ufalme wako ni wa zamani zaidi, tafuta samaki mwingine.)

Chui amekua. Hapa naomba mwandishi achukue karatasi. Chui mkubwa anahitaji nyama kilo 3 hadi 4 kwa siku. Mbuzi wetu wa kawaida ana kilo 20 hadi 25 akiwa hai, na nyama inayotoka ni karibu nusu, kilo 10 hadi 12. Mbuzi mmoja ni siku tatu. Mwezi ni mbuzi kumi. Kumi! Kwenye kilima ambacho nyumba yenye mbuzi wanne inahesabiwa kuwa na akiba, chui wa Nabintu anamaliza nyumba mbili na nusu kila mwezi. Mbuzi hao ni wa nani? Hilo ndilo swali ninalolitafuta katika kila hadithi ya aina hii, na karibu kila mara silikuti. Mnyama anakula «mawindo ya msituni», nukta.

Ukilijibu, msaliti anajileta mwenyewe. Si jasusi wa ikulu. Ni mama wa jirani aliyekuwa na mbuzi watatu wa kumlipia mtoto shule au kumwoza kijana wake, sasa ana mmoja. Anakwenda kwa washamuka, wakuu walio chini ya mwami, kushitaki, na ana haki. Nabintu anamwita shangazi. Sura hiyo iandikwe polepole.

Wakubwa wenyewe wasiwe wengi. Watatu wanatosha, kila mmoja na hitaji lake. Ningemweka mwami mtoto, mwenye umri wa Nabintu, na mwamikazi mama yake anayetawala kwa niaba yake. Katika Bushi, nchi ya Washi karibu na Bukavu, jambo hilo limetokea kweli. Mwami mtoto hahitaji ngozi, anataka kumwona chui akiwa hai. Mwamikazi anahitaji ngozi, kwa sababu washamuka wanasubiri kusema mwanawe hajavaa alichovaa babu yake. Mshamuka mmoja ana mbuzi waliopotea. Mtego umekamilika bila kicheko cha usiku.

Wale watakaosema mtoto dhidi ya wakubwa ni hadithi ya wazungu, wawasikilize Wanyanga wa Walikale. Katika karisi zao, yaani tendi za mashujaa, Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, na adui wake wa kwanza ni baba yake, mtawala wa Tubondo, aliyekuwa amekataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Baadaye Mwindo anaua Kirimu, dude la msituni, na anaadhibiwa kwa hilo: Nkuba, radi, alikuwa rafiki wa damu wa Kirimu, anampandisha shujaa juu mbinguni na kumwagiza asiue wanyama tena. Mnyama ana ndugu wenye nguvu kuliko shujaa. Hilo halijatumika vya kutosha.

Mwisho unawashinda wengi. Ama ikulu inaungua, ama mwami analia na kusamehe. Kama ulimpa mkubwa haki toka mwanzo, kuna njia ya tatu, nayo ni kalinzi. Bushi mtu alipata ardhi ya kurithisha kwa kumpelekea mkubwa ng'ombe. Akishapokelewa, ardhi ni yake na watoto wake, na yeye ni mtu wa yule mkubwa, na wito wake na kazi zake. Nabintu anaweza kulipa kalinzi kwa ajili ya chui. Ng'ombe hana, lakini mvua anaijua. Chui atakuwa wake kisheria, mbele ya washamuka, na jirani atalipwa mbuzi wake wawili. Msimu ujao wa kupanda mjumbe atafika kutoka ikulu kuuliza mvua, na Nabintu hatakuwa na ruhusa ya kukaa kimya.