Hela ya Nywele

Kwa kuwa jamaa yangu ameshawasambazia toleo lake la kisa changu cha WhatsApp, lile linalodai nilizimia, naomba mpate la mwenye mali. Sikuzimia. Nilikaa chini tu, ghafla.

Mchumba nimemsevu "Fundi Bomba". Msiniulize, nyumbani simu yangu ni ya ukoo mzima. Sasa fundi bomba huwezi kumpini juu ya orodha, watu watauliza bomba gani hilo lisilopona. Basi chati yake inapanda na kushuka kama za wengine: ujumbe ukiingia kwingine, ya kwake inasukumwa chini. Kidole kiko njiani kwenda kwa Fundi, kundi la kamati ya harusi ya binamu likaingiza ujumbe, chati zikapishana. Nikabonyeza maiki bila kuangalia, nikaitelezesha juu ijifunge, nikaendelea kupiga pasi huku naongea.

"Mtoto mzuri, umekulaaa?" Sauti ile, wadau, si ya mtu mwenye ndevu. "Hela ya nywele usiwaze mama, laki moja natuma leo leo."

Juzi tu kwenye kamati hiyohiyo niliandika: "Ndugu zangu, hali ni tete, ahadi yangu ya laki moja naomba mnivumilie."

Nikatuma. Tiki moja ya kijivu. Kwenye kundi, tiki ya pili haiji mpaka simu za wote zipokee, mimi nikadhani Fundi kaishiwa bando. Nikainua macho juu ya kioo: "Mweka Hazina anaandika…"

Mweka Hazina gani kwa Fundi Bomba?

Nikaushikilia ujumbe, nikagusa alama ya kufuta. Zikaja: futa kwa wote, futa kwangu. Kidole kina jasho. Kikagusa "kwangu". Ukatoweka! Chini kikatokea kitufe cha kutengua, kinachodumu sekunde 5. Zote tano nilizitumia kumshukuru Mungu.

Kumbe umefutika kwangu tu. Kufuta kwa wote unaruhusiwa hadi siku mbili na ushee, ila utaushika wapi wakati huna? Hata nani kasikiliza huoni. Aliyebaki na uwezo ni admini. Admini ni shangazi. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza, kuna kitu tunasikiliza."

"Tunasikiliza." Nyuma yake, kwenye simu ya mumewe: "...umekulaaa?" Wakairudisha mwanzo. Wakaipandisha kasi mara moja na nusu, nikawa naongea kama katuni. Kuna mtoto akauliza, "Anko anaumwa?"

Mengine mafupi. Shangazi kafuta, lakini nakala zilizokwisha kusambazwa hazifutiki pamoja na ujumbe wa asili. Moja ikamfikia Fundi, na jamaa yangu akamwongezea jina alilosevuliwa. Sauti kaipenda, jina ndilo limemnunisha. Hela ya nywele nimetuma, imepokelewa kimya.

Jioni Mweka Hazina akabandika orodha mpya ya michango. Jina langu, ahadi 100,000, kilicholipwa 0, na kwenye safu ya maelezo: "Ziko kichwani kwa Fundi."