Masega ya gari hayapimwi kwa namba moja

Watu wengi wanaouliza kama masega yaliyotumika (kile kifaa chenye vitundu kwenye bomba la moshi la gari, kilichopakwa metali kama platinamu za kusafisha moshi) bado yana nguvu wanataka namba moja tu ya kuwajibu, na namba inayotolewa sana ni ya kemisopsheni, yaani kupima gesi inayonasa kwenye uso wa metali. Unaweka unga kidogo wa masega kwenye mrija wa kwatzi, unausafisha kwa hidrojeni ya moto, afu unapuliza gesi ya CO (kaboni monoksaidi) dozi kwa dozi mpaka ianze kutoka yote upande wa pili, hapo metali imeshiba. CO iliyonasa ndo inakwambia atomu ngapi ziko juu zinafanya kazi.

Wanaoitetea hii njia wana hoja nzito. Darubini ya elektroni inaona chembe chache tu, hii inapima sampuli yote. Na masega yakipata joto la kupita 900°C chembe za platinamu zinaungana kuwa mabonge, metali iko vilevile kwa uzito ila uso umepungua, sasa ukipima uzito peke yake utadhani kila kitu kiko sawa.

Ila hesabu yenyewe ndo ina mtego. Lazima uamue CO moja imekaa kwenye atomu ngapi: kwenye platinamu mara nyingi ni moja kwa moja, kwenye paladiamu atomu mbili zinaweza kushika CO moja, na rodiamu ikitawanyika vizuri atomu moja inabeba CO mbili, na masega mengi yamechanganya hizo metali humohumo! Juu ya hapo kuna seriamu oksaidi, ile inayotunza oksijeni, nayo inakamata CO na kutengeneza kaboneti, basi mashine inakuandikia metali ambayo haipo. Kuna wanaoishibisha kwanza kwa kaboni dioksaidi ndo wapime, na kwa kweli inasaidia. Kinyume chake pia kipo, mwaka 1978 mtafiti Tauster na wenzake wa kampuni ya Exxon walionyesha platinamu iliyo juu ya titania (oksaidi ya titaniamu) ikipashwa kwenye hidrojeni hadi 500°C inaacha karibu kabisa kunasa gesi, na wala chembe hazijawa mabonge.

Mi naipa uzito zaidi TPR, yaani unapasha sampuli taratibu, tuseme 10°C kwa dakika, kwenye mchanganyiko wa hidrojeni na agoni, unaangalia hidrojeni inaliwa kwenye joto gani. Seriamu oksaidi ikiwa peke yake oksijeni ya usoni inatoka karibu na 500°C, ikigusana na platinamu kilele, yaani joto ambalo hidrojeni inaliwa zaidi, kinashuka sana, kwa hiyo masega ya zamani yakionyesha kilele kimerudi juu ujue ule ukaribu umeharibika. Wakosoaji wanasema kilele kinahama ukibadili kasi ya kupasha au kiasi cha sampuli, na ni kweli, ndo maana kulinganisha na mchoro wa maabara nyingine ni kujidanganya, linganisha na masega mapya ya aina ileile kwenye mashine ileile.

Na hata hapo bado hujajua kama yatasafisha moshi, maana moshi wa injini una mvuke na salfa. Lazima upitishe gesi inayofanana nao uone ni joto gani nusu ya CO inaisha. Ripoti isiyotaja sampuli ilisafishwa kwa joto gani, CO ilihesabiwa vipi na kasi ya kupasha ilikuwa ngapi, mi siwezi kuitumia kuamua masega yabaki au yatupwe.